Kona ya duka kwa darasa la awali: kaunta, bidhaa, pesa na zamu

Kona nyingi za duka, yaani pembe za darasa ambapo watoto huigiza kuuza na kununua, hufa kwa sababu bidhaa ni nyingi na kazi ni chache. Makopo hamsini yanakusanywa na kupangwa vizuri, watoto kumi na tano wanaingia kwa mpigo, na dakika tano baadaye makopo yako sakafuni na wawili wanalia. Mtoto wa miaka minne au mitano anataka kujua yeye ni nani pale dukani, amwambie nini mwenzake, na alichokuja kufanya kinaishia wapi. Hayo yakieleweka, bidhaa za aina kumi na mbili zinatosha mwezi mzima.

Jambo la pili ni aina ya duka. Picha za vitabuni huonyesha supamaketi yenye vitoroli. Huku Dodoma, mtoto wa Chang'ombe, Mkonze, Kongwa au Bahi duka analolijua ni la mtaani, lenye kaunta na nondo dirishani, au genge la nyanya mbele ya nyumba. Jenga hilo. Si suala la mazoea tu: kwenye supamaketi mteja hujichukulia mwenyewe, akalipa na kuondoka bila kusema neno. Kwenye kaunta lazima aombe, auziwe, aulize bei, apewe chenji. Mazungumzo yote yamo humo, na mtoto ambaye nyumbani anasema Kigogo au Kirangi anapata sababu ya kweli ya kusema Kiswahili bila kusahihishwa mbele ya darasa.

Wiki ya kwanza: ziara na barua

Usianze na makopo, anza na duka lenyewe. Zungumza na mwenye duka aliye karibu na shule, chagua saa ambayo hana wateja wengi (saa nne asubuhi hufaa), kisha peleka watoto kwa makundi ya kumi hadi kumi na watano, wawili wawili wakishikana mikono, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma. Wape mambo matatu tu ya kutazama: muuzaji anasimama wapi, anapimia kwa kitu gani, pesa anaiweka wapi. Ukiwapa kumi hawatakumbuka hata moja. Mkirudi, waache waeleze, na wewe uchore ubaoni wanachosema. Mchoro huo ndio ramani ya kona yenu.

Siku hiyohiyo peleka barua fupi kwa wazazi. Taja vitu kwa majina, kwa sababu ukiandika "leteni makopo matupu" utaletewa kila kitu, pamoja na dumu la mafuta ya taa. Omba pakiti tupu za majani ya chai na chumvi, mifuko ya sembe ya kilo moja na mbili, maboksi ya sabuni ya mche, chupa za plastiki za mafuta ya alizeti, makopo ya maziwa ya unga yenye vifuniko vya plastiki, visahani na vikombe vya plastiki vilivyochoka, vitambaa vya kushonea. Ongeza sentensi moja inayosema wazi visivyotakiwa: chombo chochote kilichowekwa dawa ya kuulia wadudu au panya, dawa za binadamu, dawa ya kutoa madoa, mafuta ya taa, betri, pamoja na viberiti. Chombo cha sumu hakisafishiki hadi kikawa cha kuchezea, na mtoto aliyezoea kushika chupa hiyo shuleni ataishika nyumbani ikiwa imejaa.

Kaunta

Eneo la mita mbili kwa mbili na nusu linatosha. Chagua pembe yenye kuta mbili, mbali na mlango na mbali na kona ya vitabu, maana duka lina kelele na halitakiwi kunyamazishwa.

Kaunta iwe na urefu wa sentimita 50 hadi 60, karibu na kiwiko cha mtoto wa miaka mitano akiwa amesimama. Meza ya mwalimu ina zaidi ya sentimita 70. Mtoto akisimama nyuma yake inamfika kifuani, na hawezi kuuza vizuri juu yake. Njia rahisi ni kreti za soda: panga mbili kila upande, zifunge pamoja kwa kamba ya katani, kisha laza juu yake ubao wenye upana wa sentimita 25 na urefu wa mita moja na nusu. Ubao nao ufungwe. Ubao uliolazwa tu huinuka upande mmoja mtoto akiegemea ncha, na hapo ndipo vidole hubanwa. Piga msasa kingo zote. Matofali ya kuchoma hupatikana kila mahali, lakini usiyapange zaidi ya mawili kwenda juu bila udongo wa kujengea, kwani watoto husukuma.

Kaunta izibe njia kabisa isipokuwa nafasi ya nusu mita upande mmoja, ya muuzaji kupita. Nafasi ikiwa pana, wateja huzunguka nyuma na kujihudumia, na hapo duka limekwisha.

Rafu ya nyuma hutengenezwa kwa maboksi manne magumu ya mafuta ya kula yaliyolazwa ubavu, mawili chini na mawili juu, yakagandishwa kwa gundi ya unga. Gundi hiyo: koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano kwenye kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, mimina ndani ya vikombe vitatu vya maji yanayochemka, koroga kwa dakika tatu hadi tano, acha ipoe. Inadumu siku mbili hivi kabla ya kuchacha. Kasoro yake ni kwamba mende na panya huipenda, na darasa lenye sakafu ya udongo likiwa na boksi chini, mchwa watalimaliza kabla ya muhula kuisha. Inua rafu juu ya matofali au tandika mfuko wa salfeti chini, na kila Ijumaa tazama nyuma yake.

Bidhaa

Fungua na aina sita. Ongeza mbili au tatu kila wiki. Kila aina iwe na vipande vitatu au vinne vinavyofanana, maana kipande kimoja cha pekee ndicho kinachogombewa.

Pakiti tupu hubonyea siku ya kwanza. Zijaze magazeti yaliyokunjwa kwa nguvu, kisha zifunge kwa solotepu pana pande zote. Usizijaze unga, mchele wala maharage. Kwanza panya; pili, mtoto hutumbukiza harage puani au sikioni, nalo likipata unyevu huvimba na kutoka kwake ni hospitalini. Kuna na jambo la tatu linalohusu huku kwetu hasa: mahindi na karanga za zamani zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi "mabovu ya kuchezea" yasiingie darasani, kwa kuwa chochote cha kuchezea huishia mdomoni. Hali kadhalika kokwa za ubuyu.

Kwa vitu vya kupimia, shona vifuko vya kitambaa kigumu, mshono mara mbili, uvijaze mchanga uliooshwa na kukaushwa: vinne vya nusu kilo na viwili vya kilo moja. Hivi ndivyo "sukari" na "unga". Uzito wa kweli hubadilisha mchezo. Mtoto anayebeba kilo mbili anatembea kama aliyetumwa dukani.

Makopo ya bati yakaguliwe kwa kidole chako. Kingo iliyokatwa na kifungulio ina makali hata ikionekana laini. Ipige kwa nyundo kuelekea ndani, kisha izungushie solotepu ya kitambaa mara mbili. Kama bado inakwaruza, tupa.

Nyanya, vitunguu na viazi vya genge vifinyangwe na watoto wenyewe. Udongo wa kichuguu uliopepetwa hufaa: sehemu tatu za udongo kwa sehemu moja ya mchanga laini. Bila mchanga hupasuka. Kiangazi cha Dodoma, kuanzia Juni hadi Oktoba, kina upepo mkavu unaokausha ngozi ya nje wakati ndani bado pana maji, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua. Weka kazi yao ndani, juu ya gazeti, funika kwa gunia lenye unyevu siku ya kwanza na ya pili, kisha ondoa gunia na uache siku tatu nyingine kabla ya kupaka rangi. Kila kimoja kiwe kikubwa kama yai la kuku au zaidi. Udongo usiochomwa humeguka, kwa hiyo tarajia kufinyanga upya baada ya wiki tatu au nne. Kazi hiyo nayo ni kipindi kizuri. Zabibu, ambazo bila hizo genge la Dodoma halijakamilika, usizifanye kwa shanga. Shona mipira ya kitambaa cha zambarau, kila mmoja mkubwa kama ndimu, uifunge pamoja kwa uzi mnene.

Kipimo cha haraka cha usalama: kitu chochote kinachopenya kwenye bomba la boksi lililo katikati ya karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kwenye vituo vinavyochanganya umri, fuata kipimo hicho kwa duka zima, kwa sababu mdogo huingia hata asipoalikwa.

Mifuko ya kubebea iwe ya gazeti au vikapu vya ukindu. Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu Juni 1, 2019, na hata isingekatazwa, mtoto huivaa kichwani.

Mizani na vipimo

Mizani ya hanga ya nguo inatosha. Chukua hanga ngumu ya plastiki, toboa makopo mawili yanayolingana (ya lita moja) matundu matatu kila moja, yafunge kwa kamba zilizopimwa kwa rula, na uyaning'inize kwenye ncha mbili za hanga. Hanga itundikwe kwenye msumari ukutani, makopo yawe kwenye usawa wa kifua cha mtoto. Ikielemea upande mmoja ikiwa tupu, usihangaike na kamba: bandika kijidonge cha udongo chini ya kopo jepesi hadi ilale sawa. Isipolala sawa tangu mwanzo, watoto hujifunza kwamba kulia kuna uzito kuliko kushoto, na kuwaondolea dhana hiyo ni kazi.

Ongeza kikombe, kopo na kisado, kwa sababu ndivyo vipimo wanavyovisikia nyumbani. Kwenye genge weka mafungu: nyanya nne kila fungu, vitunguu vitatu. Kupanga fungu ni hesabu ya kweli, na muuzaji atabishana na mteja anayedai lake lina tatu. Usiingilie ubishi huo mapema.

Pesa

Hapa ndipo watu wazima wanapoharakisha. Noti ya 10,000 na sarafu ya 100 kwa mtoto wa miaka minne ni karatasi na chuma. Hajui kwa nini sarafu moja ya 500 inazidi tatu za 100. Nenda kwa ngazi.

Miaka mitatu: kitu kimoja, kipande kimoja. Kata duara za boksi gumu zenye upana wa sentimita tano. Visoda vya chupa za glasi vina makali, na vifuniko vya chupa za maji ni vidogo kwa umri huu.

Miaka minne: bei kati ya 1 na 5, ikionyeshwa kwa tarakimu na nukta. Kadi ya chumvi ina picha ya chumvi, neno CHUMVI, tarakimu 2 na nukta mbili. Mtoto asiyejua tarakimu huweka kipande juu ya kila nukta na kulipa sawasawa.

Miaka mitano na kuendelea: duara zilizoandikwa 100, 200 na 500, bei zikiwa mia tupu. Mpe kila mteja shilingi 500 zilizochanganywa. Noti, ukizitaka, zichorwe kwa mkono upande mmoja na ziwe kubwa kuliko za kweli: buluu kwa 1,000, na simba kwenye 2,000. Usitoe kopi noti halisi. Kunakili fedha ni kosa kisheria, na mashine ya kopi haijui kwamba ni mchezo.

Tatizo litakalokuja siku ya pili ni kwamba pesa zote zitakuwa kwa muuzaji na wateja hawana kitu. Weka kopo lenye maandishi BENKI pembeni, na zamu ikiisha muuzaji apeleke huko mauzo yake; mteja mpya huanza kwa kwenda benki. Tatizo la pili ni zuri zaidi: mtoto atashika kipande cha boksi sikioni au kukibonyeza na kusema "nimekutumia." Basi tengeneza simu mbili za boksi na kibao cha LIPA HAPA chenye tarakimu tano. Usitumie simu mbovu ya kweli ikiwa bado ina betri ndani.

Daftari la madeni nalo lisikosekane. Mtoto "anaandika" jina la mkopaji kwa mistari, duara, au herufi ya kwanza ya jina lake, na kati ya vifaa vyote vya kona hii hakuna kinachowafanya waandike kwa hiari kama hiki. Ukibandika juu yake "Kukopa harusi, kulipa matanga," wazazi watacheka, na watoto watauliza imeandikwaje.

Zamu

Wachezaji wasizidi sita: muuzaji mmoja, mpimaji mmoja, wateja watatu, na mleta mzigo mmoja anayepanga rafu. Piga misumari sita kwenye ubao mlangoni mwa kona, tundika vibanio sita vya nguo vyenye picha ya kazi. Mtoto hubana kibanio kwenye nguo yake. Kikikosekana ubaoni, nafasi imejaa. Usitumie kadi za kamba shingoni, zinanasa.

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, lakini madarasa mengi yana zaidi ya hapo. Darasa la watoto sitini haliwezi kungoja kona moja. Tengeneza maduka mawili ya sanduku: kila moja lina kiroba cha bidhaa sita, mizani, pesa na vibanio. Tandika mkeka chini ya mwarobaini, duka moja kila upande, na makundi mengine yawe kwenye kazi nyingine kwa wakati huohuo. Nje zuia kila karatasi kwa jiwe, na upepo wa mchana ukianza rudi ndani. Genge la asubuhi hufanya vizuri kuliko la saa saba.

Kila zamu ipate nusu saa. Dakika kumi za mwanzo huishia kwenye kugawana kazi. Ukiwatoa robo saa imefika, umewatoa mchezo ulipokuwa unaanza. Ni afadhali mtoto acheze mara moja kwa wiki kwa nusu saa kuliko kila siku kwa dakika nane.

Kazi yako mwanzoni ni kuwa mteja. Nenda kaunta na kikapu, subiri foleni, sema: "Habari za asubuhi, naomba chumvi pakiti mbili. Shilingi ngapi? Nipunguzie basi." Watoto huiga papo hapo. Muuzaji atakusalimia "Shikamoo mama," nawe itikia kama mteja, usigeuke kuwa mwalimu. Usiulize "hii ni rangi gani?" Hakuna mteja anayeuliza hivyo dukani, na mchezo hufa palepale. Ukishaona wanaendelea wenyewe, ondoka, kaa pembeni na daftari, andika mambo ya watoto watatu tu kwa siku: nani alihesabu hadi ngapi, nani alisubiri zamu, nani hakusema kabisa.

Asiyesema mpe kazi ya mpimaji. Mpimaji anaweza kufanya kazi nzima bila neno, na baada ya siku kadhaa huanza kutaja uzito. Anayeng'ang'ania uuzaji kila siku usimnyang'anye. Mfanye mwenye duka la jumla ambaye muuzaji lazima aende kwake kununua mzigo.

Mchezo ukipoa

Baada ya wiki moja au mbili watoto huanza kurusha bidhaa. Usiongeze makopo, ongeza tatizo. Bandika TUMEFUNGA na wateja wafike. Toa chumvi yote kwenye rafu. Leta mteja mwenye noti kubwa wakati muuzaji hana chenji. Leta kiroba kizito cha mzigo kinachohitaji watu wawili kubeba.

Bidhaa za plastiki zioshwe kwa sabuni kila Ijumaa na kuanikwa juani. Wakati wa mafua, mara mbili kwa wiki. Jioni funika rafu nzima kwa shuka, la sivyo asubuhi vumbi litakuwa limekaa juu ya kila pakiti. Mvua zikianza, kwa kawaida Desemba, maboksi ya chini huvuta unyevu na kulegea. Yabadilishe kabla hayajaanguka.

Baada ya mwezi mmoja geuza duka. Kaunta ileile huwa mashine ya kusaga, wateja wakileta vifuko vya mchanga na kuondoka na "unga," au duka la vitenge lenye kipimo cha mita. Kwa watoto wa huku, mnada kama ule wa Msalato ndio unaopendwa zaidi: ng'ombe na mbuzi wa udongo, zizi la vijiti, dalali mmoja na wanunuzi watano wakitaja bei. Anza kuwafinyanga wanyama hao siku kumi kabla. Miguu ifanywe minene na mifupi, unene wa kidole gumba cha mtu mzima, kwa sababu miembamba huvunjika wakati wa kukauka.